Mikanda Myeupe ya Upande wa Jua

Siku ya kuniaga pale karakana, kijana mmoja aliniudhi kidogo. Ni fundi mzuri, na sitamtaja jina kwa sababu mama yake tunasali naye kanisa moja. Nilimwambia kwamba kebo tai alizofungia waya wa nje ya ofisi hazitamaliza kiangazi, naye akasema, "Mzee Deo, tai ni tai tu." Watu wakacheka. Mkono mmoja nilikuwa na soda, mwingine sahani ya pilau, na mtu hawezi kubishana vizuri akiwa ameshika sahani. Kwa hiyo namjibu hapa, na ninyi wengine msome.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vyangu vimo kwenye jalada, na mshahara wetu wa siku zile kila aliyeupokea anaukumbuka bila kukumbushwa.

Niliingia karakana ya Bukoba mwaka uliofuata Uhuru. Nilitoka kwetu Rubafu na cheti cha shule ya kati, barua ya padri, na shati moja ambalo mama alikuwa amelishonea mfuko mkubwa wa kuwekea zana. Zana zenyewe sikuwa nazo. Nilidhani fundi umeme ni mtu wa kuwasha taa. Wiki mbili za mwanzo sikugusa hata balbu. Nilikalishwa kwenye benchi, nikapewa fungu la nyaya chakavu na bonge la uzi, nikaambiwa nifunge.

Aliyenikalisha ni fundi mkuu wetu, mtu wa Kagondo, jina lake Eliezeri. Sote tulimwita Ta Eliezeri, kama sisi Wahaya tunavyowaita watu wa umri wa baba zetu. Alikuwa mwembamba, mrefu, Mlutheri wa kwaya mwenye sauti nzito iliyotikisa makopo ya misumari stoo. Mimi ni Mkatoliki, na jambo hilo alilitumia kila alipotaka kunichokoza. "Ninyi mmezoea kufanyiwa kila kitu na padri," alikuwa akisema. "Lakini fundo hili utalifunga mwenyewe."

Wakati ule mikanda ya plastiki ilikuwa haijafika kwetu. Nyaya nyingi zikienda njia moja tulizifunga pamoja kwa uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, fundo moja kila upana wa kiganja. Karibu na bomba la moshi la injini tulitumia klipu za shaba, kwa maana uzi ungeungua. Penye mtikisiko tulizungushia kwanza kipande cha mpira wa tyubu. Ta Eliezeri alikuwa akija nyuma yangu, anaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya kila fundo.

"Hili limelegea."

Anakata.

"Hili umelinyonga. Waya ukipata moto hutanuka. Utatanukia wapi?"

Anakata na hilo. Kisha anakata yote yaliyobaki, hata mazuri, ili nianze upya bila upendeleo. Siku ya kumi nilimuuliza kwa nini tunahangaika hivyo na kamba wakati kazi yetu ni umeme.

"Taa ikizimika, wataniita mimi," alisema. "Waya ukimwangukia mtu, watamwita padri wako. Sipendi kumsumbua."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Miaka iliyofuata tulizunguka naye mkoa mzima, ambao siku hizo tuliuita Ziwa Magharibi: mashine za kukoboa kahawa, pampu za maji, mashule. Alinifundisha kuweka bisibisi mfuko wa kushoto ili mkono wa kulia ubaki huru kwenye ngazi. Alinifundisha kula ndizi nilizokaribishwa hata kama nimeshiba, kwa maana mwenye nyumba akifurahi atakuonyesha mahali paa linapovuja, na maji na umeme lazima uvijue pamoja.

Zilipoanza kazi za vijiji vya ujamaa, tuliletewa injini ya kuzalisha umeme ndani ya sanduku la mbao, na chini ya sanduku zilikuwamo pakiti za mikanda ya nailoni. Hizo ndizo ninyi mnaziita kebo tai. Pakiti nyingine zilikuwa nyeusi, nyingine nyeupe. Karakana nzima tulikusanyika kuutazama mkanda mmoja ukipita kwenye tundu lake na kukataa kurudi nyuma. Mzee mmoja mpaka rangi alijifunga kidole, ikabidi mkanda ukatwe kwa plaizi.

Kila mtu alipenda myeupe. Ilikuwa safi, inang'aa, inafanana na kitu cha hospitali. Ta Eliezeri alichukua waya mrefu, akaufungia mikanda mitatu myeupe, mitatu myeusi, mafundo matatu ya uzi wetu wa nta, mawili ya katani, na vipande vya mpira wa tyubu, akautandaza juu ya paa la karakana kuelekea machweo, ambako jua la alasiri hupiga bila huruma. Kila mwanzo wa mwezi alipanda kuukagua. Akikuta mkanda, anaukunja kwa vidole viwili na kusikiliza.

Tyubu ndiyo iliyokufa kwanza, ikapasukapasuka. Katani ikaoza mvua zilipokuja. Uzi wa nta ulivumilia. Mikanda myeupe ilikaa vizuri miezi mingi, kiasi kwamba tulianza kumcheka, kisha ikageuka rangi ya jino la mzee. Mwisho wa kiangazi nilikuwapo pale juu mkanda mweupe wa kwanza ulipokunjwa. Ulilia *ka*, ukavunjika kama ganda la yai. Mweusi wa jirani yake ulikunjika, ukarudi. Ndani ya weusi ule mna masizi, nilikuja kuelezwa baadaye na mhandisi, nayo huuzuia mwanga usipenye. Ta Eliezeri hakuhitaji mhandisi. Alichora kwa chaki mlangoni pa stoo: *NDANI myeupe. NJE myeusi. INJINI klipu.* Aliongeza mengine ambayo bado nayafuata: mikanda isikae stoo karibu na bati la moto, ikiwa mikavu ilowekwe maji kabla ya kufungwa, mkanda uliofunguliwa usirudiwe, na mkia ukatwe sawasawa na kichwa chake, usiache jino.

Hilo la jino alilisisitiza kuliko yote. Nilichelewa kuelewa kwa nini.

Nilianza kushuku siku aliponiambia nipande mimi paani, yeye abaki chini. "Kunja," alisema kutoka uani. "Umesikia nini?" Nilidhani ananipima. Halafu kwenye kila kazi akawa ananiambia, "Deo, nisomee rangi," nami nataja: nyekundu, nyeusi, kijani. Nilidhani hilo nalo ni mtihani. Ila siku moja stoo, mchana kweupe, alinipa waya mwekundu akasema, "Shika huu mweusi." Nikaushika. Alikuwa amegeuzia uso dirishani, na macho yake yalikuwa na ukungu kama kioo cha jikoni.

Sikusema kitu. Yeye hakusema kitu. Tangu siku hiyo nilisoma rangi kabla hajaniuliza, na yeye alipitisha vidole juu ya kila kazi, akiisoma kwa ngozi, fundo kwa fundo, mkanda kwa mkanda. Mkia uliobaki na jino ulimkata. Nikawa nakata mikia kwa uangalifu ambao hata leo vijana wananichekea. Ilikuwa imebaki miaka mitatu tu astaafu. Nilijiambia kwamba macho yangu mawili yanatosha watu wawili.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe.

Juu ya Nshamba, kwenye mteremko, wanakijiji walikuwa wamejijengea zahanati kwa mikono yao, yenye chumba cha kujifungulia. Sisi tulitumwa kuweka injini na taa. Mkunga wa pale alikuwa Ma Anastazia, mama wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa haraka. Kila asubuhi alikuja kutuuliza swali lilelile: "Leo nitaona?" Alikuwa amezalisha kwa kandili miaka mingi na alikuwa amechoka kupepesa macho.

Tulimaliza ndani siku ya Ijumaa. Ulibaki waya wa nje, kutoka banda la injini hadi chumba cha kujifungulia, ukipita chini ya ukingo wa paa upande wa machweo. Nilifunga mikanda michache ya kwanza ukutani pa banda, kisha nikiwa juu ya ngazi niliingiza mkono kwenye pakiti ya mikanda myeusi, nikakuta imekwisha. Ilibaki pakiti ya myeupe.

Ningeweza kushuka, tukaahirisha hadi Jumatatu, tukaleta myeusi kutoka Bukoba. Ningeweza kufunga kwa uzi wa nta, ambao ulikuwa kwenye mkoba, kazi ya siku nzima. Lakini Jumamosi asubuhi nilikuwa nategemewa na baba zangu wadogo kwenda kwao Koleta, msichana niliyetaka kumwoa, kutoa posa. Pombe ya ndizi ilikuwa imekwisha kuiva. Nilikuwa nimenyoa.

Nikafunga myeupe.

Ta Eliezeri alikuwa ameshika ngazi chini. Alisikia sauti ya pakiti mpya ikipasuliwa.

"Ni myeusi?" aliuliza.

"Myeusi, Ta."

"Yote?"

"Yote."

Niliposhuka, alinyoosha mkono juu hadi alipofikia, akapitisha vidole kwenye mikanda minne ya mwisho, ile ya chini kabisa. Lakini vidole havioni rangi, na mkanda mpya ni laini, uwe mweupe au mweusi.

"Umekata mikia vizuri," alisema. "Sasa wewe ni fundi."

Miaka yote niliyofanya kazi hakuna sifa nyingine niliyoipokea ambayo nimetamani kuirudisha.

Posa ilikubaliwa. Tukafunga ndoa. Kila mara niliposikia jina la Nshamba nilijiahidi kwamba nikipata gari la kwenda huko nitabadilisha ile mikanda. Magari ya kwenda huko yalikuwapo, na mimi nilikuwa na shughuli. Kikapita kiangazi kimoja, kikaja cha pili.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi hicho cha pili ilinyesha mchana. Kulikuwa na mama mwenye uchungu pale zahanati, mbingu ikafunga giza, Ma Anastazia akaomba injini iwashwe. Alitoka nje na ndoo kuchota maji ya mvua kwenye pipa, akaegemea bomba la bati linaloshusha maji kutoka paani. Mikanda yangu ilikuwa imekwisha kuvunjika, mmoja baada ya mwingine. Waya ulikuwa umelala kwenye ukingo wa bati, upepo umeusugua hadi shaba ikatoka. Paa zima lilikuwa na umeme. Fyuzi haikukatika, kwa sababu umeme ule haukuwa na njia ya kwenda ardhini, hadi alipoupa yeye.

Mkono wake ulishikamana na bati. Mama mkwe wa yule mgonjwa, bibi ambaye hakuwahi kuona taa ya umeme kabla ya siku hiyo, alichukua kigoda cha mti akampiga nacho mkono hadi ukaachia. Kwa nini alichukua mti na si kitu kingine, mwenyewe hakujua. Mtoto alizaliwa, na huyo bibi ndiye aliyempokea, huku Ma Anastazia akiwa amekaa sakafuni anamwelekeza.

Habari zilitufikia kwa dereva wa lori la kahawa. Kesho yake asubuhi tulikuwa pale, Ta Eliezeri na mimi. Ma Anastazia alikuwa ameshapelekwa hospitali. Nilipanda ngazi, nikaona nilichojua nitakiona.

"Umeona nini?" sauti yake ilitoka chini.

"Waya umechubuka kwenye bati."

"Mikanda?"

"Imevunjika, Ta."

Akasema polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake ameiba, "Myeusi imevunjika?"

Nilijifanya nafungua skrubu.

Njia nzima ya kurudi Bukoba alikuwa akilitafakari jambo hilo kwa sauti. Labda jua la mlimani ni kali zaidi. Labda pakiti ile ilikuwa mbovu. Labda yeye alikosea pale paani, labda hakusikiliza vizuri. Tulipopita Muleba alisema, "Nimewaambia watu wa mkoa mzima watumie myeusi. Mashuleni, kwenye pampu, kila mahali. Deo, kesho utaniandikia barua. Tuwaambie wote waifungue."

"Ndiyo, Ta," nilisema. Nilitazama dirishani hadi Bukoba.

Meneja wa karakana alitutaka ofisini asubuhi inayofuata, saa mbili. Ta Eliezeri alikuwa amekwisha mwambia kwamba kazi ile aliisaini yeye na lawama ni yake. Alasiri hiyo nilikwenda nyumbani, nikamkuta Koleta anamenya ndizi. Nikamweleza yote. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo ulipokuwa umekaa mbele ya baba yangu umevaa koti," alisema, "mikanda ile ilikuwa imekwisha kufungwa?"

"Imekwisha kufungwa."

"Nenda Kagondo sasa hivi. Chakula utakikuta."

Tatizo langu halikuwa tu kukiri. Nikisema kwamba nilimdanganya rangi, yeyote angeuliza ni fundi mkuu gani anayeweza kudanganywa nyeupe na nyeusi. Kuungama kosa langu ilikuwa kumfichua yeye. Nililipima hilo njia nzima kwa miguu, na nikiwa mkweli, kuna mahali nilitamani lishinde ili nipate sababu ya kurudi.

Nilimkuta kibarazani anachambua maharage kwenye ungo, anatoa mawe kwa vidole. Mkewe, Ma Adelina, aliniletea kigoda na buni za kutafuna kama kawaida ya nyumba zetu. Sikuzigusa.

"Ta," nilisema, "ile mikanda ilikuwa myeupe."

Vidole vilisimama.

"Yote?"

"Yote, ila michache ya kwanza ukutani pa banda. Kisha myeusi ikaniishia."

"Uliniambia myeusi."

"Nilikuambia."

Kuku walipita uani. Aliendelea kushika harage moja.

"Uliniambia hivyo kwa sababu ulijua sioni."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kati yetu. Nilisema, "Ndiyo, Ta," na nikaanza kulia, mtu mzima mwenye mke.

Ma Adelina alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi mlidhani sijui?" alisema. "Mwaka wa tatu huu chumvi naiweka karibu na mkono wake."

Hakuna aliyecheka, ila Ta Eliezeri aligeuza uso upande ulikotoka sauti yake, na kitu fulani usoni mwake kililegea. Alikuwa amemficha mwanamke yule siri ile kwa kazi kubwa.

"Kwa hiyo," alisema baadaye, "myeusi haikuvunjika."

"Haikuvunjika. Niliukunja mmoja pale ukutani pa banda, juani. Uko kama mpya."

Alishusha pumzi ndefu. "Basi hatuandiki barua," alisema. Ndipo hasira ikamjia, na ilikuwa ya haki. Alisema mama yule angekufa, na mtoto, na kwamba mimi nilikuwa na uzi wa nta mkobani, uzi alionifundisha yeye kwa wiki mbili. Alisema kwamba miaka yote alikuwa akiyakopa macho yangu bila woga hata mara moja. "Nenda nyumbani," alimaliza. "Kesho saa mbili. Utasema yako, na mimi nitasema yangu."

Kesho yake hakunipa nafasi ya kutangulia. Meneja, mtu mpole aliyependa kila kitu kiandikwe, alikuwa ameshika kalamu.

"Ndugu Meneja," alisema Ta Eliezeri akiwa amesimama, "kabla Deo hajasema, andika kwamba mimi sioni rangi huu mwaka wa tatu. Nilipaswa kuja kukwambia. Niliogopa kukaa nyumbani. Aliyenificha ni huyu, kwa mapenzi. Aliyenidanganya pia ni huyu, kwa haraka. Yaandike yote mawili, usiandike moja."

Meneja aliweka kalamu mezani, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

Ta Eliezeri alistaafishwa mwezi uleule, kwa heshima zote. Yaliyonipata mimi kwenye cheo nimeahidi sitayaandika, na hapa ahadi hiyo inanifaa sana. Niliamriwa kurudi kule juu ya Nshamba, kuondoa waya wote wa nje na kuuweka upya, kisha kubaki kijijini nikiitunza injini hadi nitakapoitwa. Gari lilipokuja kunichukua mimi na Koleta, Ta Eliezeri alikuwa amekaa kiti cha mbele, amevaa kofia yake ya kwaya.

"Mimi si mfanyakazi tena," alimwambia dereva. "Nakwenda kumsalimia mgonjwa."

Ma Anastazia alikuwa amerudi, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Nilipiga magoti mbele yake. Alinitazama kama anavyotazama kidonda, kutafuta kina chake.

"Ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi, Ma."

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Ya kwenda kutoa posa."

"Walikupa?"

"Walinipa."

"Simama," alisema. "Magoti yako hayanisaidii. Injini iwake kabla ya Jumapili."

Vidole viwili, cha nne na cha mwisho, havikukunjuka tena. Hakuwahi kusema kwamba amenisamehe, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Siku tatu Ta Eliezeri alikaa kwenye benchi la wagonjwa huku mimi nikifanya kazi. Niliuondoa waya kabisa kwenye ukingo wa bati, nikaupitisha chini, kwenye nguzo za mti. Nilifunga mikanda myeusi, ile mipana, niliyoiloweka usiku kucha kwenye ndoo. Penye injini, klipu. Bati lote nililipeleka ardhini kwa waya wa shaba na chuma kirefu nilichokipigilia hadi mikono ikatoka malengelenge. Kila nilipomaliza kipande nilikwenda kumshika mkono, namsogeza, naye anapitisha vidole.

"Rangi?" aliuliza kwenye kila mkanda. Kila mkanda, bila kuruka.

"Mweusi, Ta."

Kwenye mkanda wa kwanza sauti yangu ilitetemeka. Kufikia wa arobaini ilikuwa imetulia, na yeye aliniuliza kama anavyouliza mtu anayetaka tu kujua. Alilala kwetu pale kijijini usiku ule wa mwisho, akala ndizi na senene alizopika Koleta, akatuimbia wimbo mmoja wa Kilutheri ambao mke wangu, Mkatoliki kuliko mimi, aliushika haraka. Aliishi miaka mingine kumi na zaidi. Kila nilipofika Bukoba nilikwenda Kagondo kumpelekea kipande cha kitu kipya kilichoingia stoo, naye alikikunja, akakisikiliza, akaniambia kitadumu au hakitadumu. Alikosea mara moja tu, na ni kuhusu gundi.

Kijijini nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Koleta, aliposikia kwamba Ma Anastazia hawezi kushika jembe, alichukua lake, akaenda kwenye shamba la migomba la mkunga bila kumwomba ruhusa. Siku ya kwanza hawakuzungumza. Siku ya pili Ma Anastazia alimletea uji. Kufikia mavuno walikuwa wanasengenya pamoja, nami nilikuwa miongoni mwa mada.

Mwaka uliofuata mke wangu alikuwa mjamzito. Nilimwambia twende hospitali ya mjini. Alisema mkunga wake yuko hapa.

Uchungu ulimshika alasiri moja ya masika, mvua imefunga pande zote, ndani giza. Niliwasha injini, nikasimama nayo hadi mlio wake ukatulia, nikakimbia hadi chumba cha kujifungulia nikiwa nimelowa. Ma Anastazia alikuwa ananawa, mkono wenye vidole viwili vilivyopinda ukisugua ule mzima. Taa ilikuwa juu ya kichwa chake. Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Fundi," alisema, "taa hii unaiamini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali zito kuliko hilo, na nimehojiwa na bodi nyingi.

"Naiamini, Ma."

"Basi toka nje."

Nikatoka, nikasimama chini ya paa, mgongo umeegemea lile bomba la bati, maji yakipita ndani yake kwa nguvu. Sikusikia mengi kwa sababu ya mvua. Nilisikia sauti ya Koleta, kisha ya Ma Anastazia ikimhimiza kwa Kihaya, kisha muda mrefu hakuna kitu ila injini. Halafu nikasikia sauti ya mtu ambaye hakuwapo kabla.

Mlango ulifunguliwa. Ma Anastazia alikuwa amembeba kwenye kitambaa cheupe, amemshika vizuri kabisa kwa mkono ule.

"Msichana," alisema. "Mama yake mzima." Kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, jinsi nilivyokuwa natiririka maji, na hakunipa.

"Kausha mikono kwanza," alisema.

Niliingia ndani, nikaikausha kwa taulo lililoning'inia mlangoni, kidole kimoja kimoja, naye akisubiri.